Rafu ya Mabomba na Ubao wa Jahazi, Ukuta wa Lamu

Assalamu alaykum, jamaa zangu, karibuni. Leo niko Langoni, Lamu, sebuleni kwa dada yangu, na ukuta wenyewe ndio huu nyuma yangu. Tunafunga rafu ya mtindo wa viwandani: mabomba ya maji ya chuma na ubao mkuukuu.

Mtindo huu ulishika New York miaka ya 1960. Wasanii walihamia kwenye viwanda na maghala yaliyobaki matupu, wakayaacha mabomba na matofali wazi kama walivyoyakuta. Ndiyo maana wengi wanaouiga huanza kwa kuchokoa lipu. Nawaomba sana, nyumba ya Lamu msiichokoe! Jiwe la matumbawe hufyonza maji, na chokaa ndiyo nguo yake. Ukitaka mifupa ya nyumba, inua macho. Boriti zile hapo juu hazikufichwa tangu enzi za mababu zetu. Na kwa kuwa Mji wa Kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, uliza watu wa Makumbusho kabla ya kugusa ukuta. Sisi tumeuliza.

Haya, vifaa. Mabomba matatu ya nusu inchi, kila moja sentimita 25, yametiwa meno ncha zote mbili. Flanji tatu, yaani vile visahani vya chuma vyenye matundu ya skrubu vinavyoshikilia bomba ukutani, na kofia tatu za kuziba ncha za mbele. Mimi huyauza yakiwa tayari yamekatwa, lakini hata fundi bomba wa mtaani kwako atakukatia.

Bomba la dukani lina mafuta. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, likaushe, lipanguse kwa siki nyeupe, suuza, kausha tena. Ukiruka hapo, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Kisha praima ya mabati, kisha rangi nyeusi isiyong'aa. Mpwa wangu, sogeza kamera hapa kwenye meno. Mnaona yanavyong'aa? Bomba zima limevikwa zinki, ila fundi akikata meno zinki hutoka, chuma kinabaki uchi. Kwa upepo huu wetu wa chumvi kutu itaanzia hapo hapo, kwa hiyo ukishafunga kila kitu, rudi na brashi ndogo uyafunike meno yote yanayoonekana. Na usipeleke bomba la zinki kuchomelewa. Moshi wake mweupe unaleta homa.

Ubao. Huu ni wa mbambakofi, umetoka kwenye jahazi lililovunjwa Matondoni. Urefu sentimita 120, upana 22. Tazama tundu hili la msumari: kutu imeingia kwenye mti ikaacha duara jeusi kama wanja, na ndani ya ufa huu bado kuna uzi wa pamba ya kalfati, ile ya kuziba nyufa za jahazi maji yasiingie. Mimi duara hilo silipigi msasa kabisa, napita kando yake. Kabla ya randa pitisha sumaku ubao mzima, maana msumari mmoja uliovunjikia ndani utaharibu makali. Halafu msasa, vanishi mikono miwili. Hapo sina la kuongeza.

Sasa ukuta. Tulieni hapa.

Mara ya kwanza nilifunga rafu kama hii nyumbani kwangu, nikatoboa palipoonekana pazuri, skrubu zikaingia laini, nikafurahi. Usiku wa pili ikashuka yote pamoja na sahani za marehemu bibi. Niliumia, kwa sababu skrubu kuingia laini ndiyo iliyokuwa dalili yenyewe. Ukuta huu ni mawe yasiyolingana, na katikati yake ni chokaa na mchanga. Ukiangukia katikati, plagi ya plastiki haina cha kushika.

Basi tazama unga. Keekee ya milimita 8, zima ule mpigo wa nyundo, sukuma polepole. Unga mweupe mkavu na keekee inakuletea ubishi: hilo ni jiwe, endelea hadi sentimita 8. Unga... ngojeni, punda anapita kichochoroni, hamtanisikia.

Haya, kapita. Unga wa rangi ya udongo na keekee inazama yenyewe: simama! Mpwa wangu, onyesha. Mnaona? Imetoka udongo. Huu hapa hautashika, narudia, hautashika, hata uweke skrubu ndefu vipi. Bahati nzuri flanji ni duara. Izungushe kidogo, matundu yake manne yahamie kwingine, ujaribu tena. Nyeupe... nyeupe... inabisha. Alhamdulillahi. Ndiyo maana flanji hufungwa kwanza na bomba baadaye; ukianza na bomba huna nafasi ya kuzungusha. Tundu bovu nalijaza chokaa na mchanga.

Puliza unga wote utoke, plagi ndani, skrubu ya sentimita 7. Flanji ya pili na ya tatu vivyo hivyo, sentimita 50 kutoka moja hadi nyingine. Tumia pima maji, usifuate mstari wa dari, dari za nyumba hizi haziko sawa. Angalieni, hii ya tatu imeshuka nusu sentimita. Naitoa. Natoboa upya, na unga tunautazama upya.

Kaza mabomba kwa mkono, kofia mbele, ubao juu, uushike kwa vibano vidogo kwa chini.

Vyombo bado! Weka ndoo ya lita 10 ya maji katikati ya rafu, ilale hapo hadi asubuhi. Asubuhi pitisha kidole ukingoni mwa kila flanji. Ukikuta unga mpya, ondoa ubao, tafuta jiwe jingine.