Fleet Walker, mdakaji aliyepuuzwa ishara

Mabibi na mabwana, tuanze na mikono. Mwaka 1884 mdakaji wa besiboli, yaani yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, hakuwa na ile glavu nene kama mto mnayoiona leo. Waliojihami walivaa glavu nyembamba za ngozi. Moses Fleetwood “Fleet” Walker, mchezaji mweusi wa Marekani, mara nyingi alidaka mikono mitupu. Mrushaji alisimama umbali wa futi 50, kama mita 15 hivi. Unaudaka mpira kwa viganja viwili pamoja, na unapogusa tu unavuta mikono nyuma ili kishindo kipungue. Ukielekeza vidole mbele, mpira unagonga ncha: kucha inapasuka, kiungo kinateguka.

Kwa hiyo ishara ndiyo kinga yake. Mdakaji humwonyesha mrushaji kama mpira uje wa kasi au wa kupinda, na hapo anajua mikono aiweke wapi.

Walker alizaliwa Ohio, akasoma Oberlin na kisha Chuo Kikuu cha Michigan, akajiunga na timu ya Toledo mwaka 1883. Mwaka uliofuata timu ikaingia American Association, ligi kuu. Mrushaji nyota wao, Tony Mullane, alishinda mechi 36 msimu huo. Miaka mingi baadaye Mullane alikiri kwa kinywa chake: Walker ndiye mdakaji bora aliyepata kucheza naye, ila kwa kuwa Walker alikuwa mtu mweusi, Mullane hakuzitazama ishara zake. Alirusha alichotaka. Huko ni kudaka gizani!

Mechi ya kwanza, 1 Mei mjini Louisville, Walker aliandikiwa makosa manne. Wapo wanaomhukumu kwa tarakimu kama hizo. Lakini daftari humwandikia mdakaji mpira uliomponyoka. Safu ya ishara zilizopuuzwa haimo. Mimi nastaajabu kwamba, pamoja na kuumia mbavu, alifikisha mechi 42 na kupiga kwa wastani wa .263 (mipigo iliyofaulu kama 26 katika kila majaribio 100), juu ya wastani wa ligi.

Mwaka 1887, akiwa timu ya Newark katika ligi ndogo ya International League, alimdakia George Stovey, mrushaji mweusi mwenzake aliyeshinda mechi zaidi ya 30. Julai hiyohiyo wakuu wa ligi hiyo walipiga kura: mikataba mipya ya wachezaji weusi isiidhinishwe tena. Waliokwisha kuingia waliachwa waendelee. Walker akaendelea na timu ya Syracuse hadi 1889, na baada yake ligi hiyo haikuwa na mchezaji mweusi mpaka Jackie Robinson alipovaa jezi ya Montreal mwaka 1946.