Anayeuza kwa Biti, Anayehesabu kwa Baiti

Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeambiwa humu ndani wamo mafundi kompyuta, wenye stesheneri na vijana wanaohariri video za harusi, kwa hiyo tuanzie kwenye lalamiko mnalolisikia kila wiki. Mteja amelipia intaneti ya Mbps 20. Anapakua faili, kompyuta inamwonyesha MB 2.4 kwa sekunde. Anapiga simu huduma kwa wateja, anafoka kwamba ameibiwa.

Hajaibiwa. Itazameni ile herufi b. Kwenye Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, ni ndogo, hiyo ni biti, chembe ndogo kabisa ya data. Kwenye MB, yaani megabaiti, ni kubwa, hiyo ni baiti, na baiti 1 ni biti 8. Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Hapa pishi ina vibaba vinane, na muuzaji anatangaza vibaba. Gawanya 20 kwa 8, unapata MB 2.5. Ile 0.1 iliyopotea nitaifikia.

Wengi husema kutangaza biti ni ujanja wa biashara, maana 20 inavutia kuliko 2.5. Kuvutia inavutia, sikatai. Lakini desturi hiyo ni ya wahandisi wa mawasiliano: wao kazi yao ni kupitisha biti njiani, hawajali zimefungwaje. Baiti imetoka upande wa kompyuta yenyewe. Aliyeibuni jina ni Werner Buchholz wa kampuni ya kompyuta ya IBM, mwaka 1956, na siku hizo haikuwa lazima iwe biti 8.

Ninapowalaumu wauzaji ni hapa: bando wanakuuzia kwa GB, yaani baiti, kasi wanakutangazia kwa biti, na yote yako kwenye bango moja! Fanyeni hesabu. GB 1 ni MB 1,000. Gawa kwa 2.5, ni sekunde 400. Kwa kasi hiyo bando la GB 1 linakwisha kwa dakika 6 na sekunde 40. Halafu tunashangaa bando limekwenda wapi.

Sasa ile 0.1. Data husafiri kwa pakiti, yaani vipande vidogo vidogo. Kwenye waya wa Ethernet, pakiti iliyojaa hubeba kwa kawaida baiti 1,460 za faili lako, lakini njiani inachukua nafasi ya baiti 1,538, kwa sababu ya anwani, ukaguzi wa makosa na pengo kati ya pakiti na pakiti. Kinachokufikia ni kama asilimia 95. Zidisha 2.5 kwa 0.95, unapata kama 2.4, pungufu kidogo tu.

Naam, mama pale nyuma anauliza habari ya 1,024: je, kwenye kompyuta kilo si 1,024 badala ya 1,000? Swali zuri. Kwenye kasi ya mtandao, kilo ni 1,000 na mega ni milioni, basi. Ile 1,024 inawasumbua kwenye uhifadhi: diski ya TB 1, yaani GB 1,000, ukiichomeka kwenye Windows inasoma GB 931, kwa sababu Windows inagawa idadi ya baiti kwa 1,024 mara tatu. Tume ya kimataifa ya ufundi umeme, IEC, ilileta majina ya kibibaiti (baiti 1,024) na mebibaiti (kibibaiti 1,024) mwaka 1998 ili kuondoa utata huo. Madukani sijamsikia mtu akiyatumia.

Waliotumia modemu za simu za kbps 56 watakumbuka: hiyo ni KB 7 kwa sekunde kwa bahati nzuri, wimbo wa MB 4 unakula dakika tisa na nusu. Mkonga wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulipowashwa mwaka 2009 ulitangazwa kuwa na uwezo wa Tbps 1.28, yaani gigabiti 1,280 kwa sekunde. Gawa kwa 8: GB 160 kila sekunde.

Ninyi wa video mnahitaji hesabu ya kurudi nyuma. Una faili la GB 3, bwana harusi analitaka ndani ya dakika 10. MB 3,000 mara 8 ni megabiti 24,000. Gawa kwa sekunde 600: Mbps 40. Ongeza ile asilimia ya pakiti, sema 42. Na hiyo ni kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Vifurushi vingi vya nyumbani kasi ya kupakia ni ndogo zaidi, na kwenye bango huwa haiandikwi, kwa hiyo ulizeni kabla hamjalipa.