Siku moja kwa miguu hadi maporomoko ya Wadi Darbat

Assalamu alaikum, jamaa zangu. Nyuma yangu hapa mnayasikia maji lakini hamuyaoni. Ndiyo Darbat ya mwezi wa nane hiyo: ukungu umefunika mwamba wote, umebaki mvumo tu. Tukisubiri kidogo utafunguka. Wakati tunasubiri, nataka niwaeleze namna ya kuipanga siku ya kuja huku Dhofar, kusini mwa Oman, kwa sababu naona watu wengi wanaendesha mwendo mrefu kutoka Muscat, na hata Dubai, halafu wanarudi hawakuyaona maporomoko, au wanarudi wameumia.

Kabla ya kupanga chochote, fahamuni upepo. Sisi watu wa pwani tunaujua: ni kusi. Kusi hiihii iliyokuwa ikiyasukuma majahazi kutoka Unguja na Lamu kwenda Arabuni ndiyo inayopanda mpaka hapa. Ikifika pwani ya Dhofar inayasukuma maji ya juu ya bahari kwenda nje, na ya chini, ya baridi, yanapanda kuchukua nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo baridi inageuka ukungu, na ukungu unakwama kwenye milima ya Qara. Wenyeji wanauita msimu huu khareef, na kwa kalenda yao unaanza tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba. Muscat siku hizo joto linapita nyuzi 40, hapa tuko kwenye 25 hivi na manyunyu juu. Ukivuka mgongo wa mlima kwenda kaskazini, ni jangwa kavu.

Njooni karibu na mti huu. Wataalamu wanauita Anogeissus dhofarica, na asili yake ni ukanda huu wa Oman na Yemen tu. Hakuna mvua sasa hivi, sivyo? Lakini tazameni ncha ya jani: tone linajaa, linaning'inia, linadondoka. Na jingine. Nikiweka kiganja chini, kabla sijamaliza sentensi kimelowa. Mti unakamata ukungu na kuumwaga ardhini, ndiyo maana udongo wa chini yake ni tope. Kwa hiyo nawaombeni sana: msivunje tawi hata moja kwa ajili ya moto wa mishkaki. Mkaa njooni nao.

Sasa tarehe. Mwanzo wa Julai majani ndiyo kwanza yanachipua, na maporomoko mara nyingi bado. Mimi ningechagua kati ya katikati ya Agosti na wiki za mwanzo za Septemba. Hata hivyo maji hayana ahadi. Mwaka wa manyunyu haba, ukuta ule wa mwamba, wenye urefu wa karibu mita 100, unabaki na michirizi tu. Mwaka 2018, kimbunga Mekunu kilipopiga mwishoni mwa Mei, maji yalimwagika kwa nguvu kabla khareef haijaanza. Basi siku moja kabla ya kuondoka, mpigie simu mwenyeji wa nyumba mliyopanga Salalah, mji mkuu wa Dhofar, umuulize swali moja tu: Darbat inamwaga? Na mje kati ya Jumapili na Jumatano. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko ya nchi nzima, na foleni ya magari inaanza kule chini barabarani.

Kutoka Muscat ni kama kilomita 1,000 kwa gari, kupitia Adam, Haima na Thumrait. Jazeni mafuta Haima, na mkipata dereva wa pili ni bora zaidi. Hatari yenyewe iko mwisho wa safari: mnatoka kwenye jua kali, mnaanza kuteremka mlima, ghafla ukungu unawameza. Punguzeni mwendo mapema, washeni taa za chini, maana za juu zinakurudishia mwanga machoni. Taa za dharura msiziwashe gari likiwa linatembea. Ng'ombe na ngamia wanavuka wakati wowote, na katika ukungu ngamia unamwona akiwa tayari mbele ya boneti.

Mkishalala Salalah, tokeni saa 12 asubuhi. Ni kilomita 40 hivi kuelekea mashariki, mnapita Taqah. Mimi naanzia chini, miguuni pa mwamba, kukiwa bado na watu wachache, halafu ndipo napanda na gari hadi bondeni juu na kutembea kando ya mto.

Viatu. Hapa naomba mnisikilize. Udongo huu ukilowa unateleza kama sabuni. Tulipokuja mara ya kwanza, dada yangu alivaa raba zilizolika soli. Hatua chache tu kutoka gari lilipo akateleza, kifundo kikavimba, na siku yake ikaishia kwenye kiti cha nyuma akisikiliza maji. Vaeni viatu vyenye meno, mtie na soksi za kubadilisha. Koti la mvua, tochi, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu, hata kama hamsikii joto.

Maji ya mto msinywe, wala msiogelee. Najua yanavutia, hasa kwa watoto, lakini Dhofar ina historia ya kichocho, na sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa kichocho ni nini. Hata kutumbukiza miguu, mimi sikubali.

Juu kule, jambo moja: msisogelee ukingo mahali mto unapodondoka. Majani yanaficha mwisho wa mwamba, na ukungu unaficha majani. Mtu mmoja awe mbele, wengine wamfuate, watoto washikwe mkono. Mkiona maji yamebadilika rangi au yanapanda, tokeni bondeni mara moja, na wadi, yaani bonde la mto, inayofurika msiivuke kwa gari. Ni kosa kisheria Oman, na inaua. Namba ya polisi ni 9999.

Haya, geukeni! Unafunguka. Mnaona ule mstari mweupe? Na ule wa kushoto... subhanallah. Nyamazeni kidogo tusikilize.

Saa kumi jioni muwe mmeshaanza kurudi, giza lisiwakute mlimani. Njiani Salalah mtapata madafu, ndizi na mapapai vibandani, utadhani uko Mombasa. Na kesho mkirudi Muscat, simameni Wadi Dawkah, barabara ya Thumrait, mkaone miti ya ubani. Huko manyunyu hayafiki. Tandazeni makoti juu ya boneti, mkimaliza kuizunguka miti yatakuwa yameshakauka.