Leso ya Mezani: Kandambili Kuukuu, Wembe na Simu

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi wanangu mliowahi mikeka ya mbele kabla wakubwa hawajafika, karibuni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi za mikono na ubunifu wa kidijitali ambao mtu anaweza kuufanya nyumbani siku za likizo. Mada hiyo ni pana. Ningeweza kuwatajia kazi ishirini hapa, mkacheka, mkapiga makofi, na kufika nyumbani asifanye mtu hata moja. Kwa hiyo nimekuja na kazi moja tu: leso ndogo ya kufunikia sinia, inayopigwa chapa kwa muhuri uliokatwa kwenye soli ya kandambili, kisha inahamia kwenye simu.

Kwa nini leso? Kwa sababu mtoto akikabidhiwa simu na kuambiwa "haya, buni kitu", hufungua programu yenye rangi zisizohesabika na mapambo yaliyokwisha kuchorwa na wengine, akabandika nyota mbili juu ya picha yake, akachoka. Wazazi tunasema mvivu. Mimi sikubali. Mtoto huyo amenyimwa mipaka, na asiye na mipaka hajui aanzie wapi. Leso, yaani kanga, inayo mipaka: mstatili mmoja, pindo linalozunguka, mji (ule uwanja wa ndani) katikati, jina (yale maneno yaliyoandikwa) chini, rangi mbili au tatu. Hata huo uchache wa rangi ulitokana na gharama, maana kiwandani kila rangi inataka chapa yake. Ndani ya mipaka hiyo watu wa pwani hawajamaliza kubuni mpaka leo.

Vijana, historia yenyewe kwa ufupi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono vya Kireno, ambavyo ndivyo vilivyoitwa leso, vikiwa bado vimeshikana kwenye jora. Badala ya kukatiwa kimoja kimoja, wakakatiwa sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo ya kujifunga. Yaani leso yenyewe ilianzia kwa mtu aliyekuwa nyumbani na sindano, akakataa kukipokea kitu kama kilivyoletwa. Mihuri ya mbao na viwanda vikaja baadaye. Hapa Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado mnaiona kwenye vitambaa. Majina yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi za Kirumi. Inatosha, twende kwenye kazi.

Leso ya kawaida ina takriban sentimita 150 kwa 110. Tusianze na hiyo, tutakata tamaa. Chukueni vipimo hivi: 45 kwa 33. Uwiano ni ule ule, na zaidi ya hapo 45 inagawanyika kwa 3 ikatoa 15, na 33 ikatoa 11. Basi muhuri wako ukiwa mraba wa sentimita 3, upande mrefu unaingia mara 15 kamili na upande mfupi mara 11, bila kubaki upenyo wala kupandana. Zote mbili ni witiri, maana yake kila upande una muhuri wa katikati: wa nane kwenye upande mrefu, wa sita kwenye mfupi. Mtaona faida yake punde. Kitambaa ni marikani au pamba yoyote nyeupe, kikatwe 49 kwa 37 ili kila upande ubaki na sentimita 2 za kukunja. Kifueni kwanza kwa sabuni na kukinyoosha kwa pasi. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na rangi hukaa juu ya wanga badala ya kuingia kwenye uzi, ikabanduka mfuo wa kwanza.

Sasa kandambili. Ile iliyokatika mkanda, ambayo imelala nyuma ya mlango miezi sita, ndiyo tunayoitaka. Soli yake ni laini kiasi cha kukatika kwa wembe na ngumu kiasi cha kutobonyea ikigandamizwa. Isuguliwe kwa sabuni mpaka mafuta ya mguu yatoke, kwa sababu penye mafuta rangi haishiki. Chora pambo lako kwenye karatasi kwa penseli nzito. Igeuze karatasi kifudifudi juu ya soli, uisugue kwa mgongo wa kijiko, na mchoro utahamia kwenye soli ukiwa umegeuka kushoto kulia. Usishtuke, ndivyo unavyotakiwa, kwa sababu ukipiga chapa utageuka tena na kukaa sawa. Kisha mtu mzima ashike wembe. Nasema mtu mzima, na narudia. Mkono wa wembe unakata kwa mshazari kuelekea nje, ili ukuta wa pambo uwe mpana chini na mwembamba juu. Ukikata kwa kuingia ndani, pambo linabaki limesimama juu ya shingo nyembamba na linayumba kila ukigandamiza. Kina cha nusu sentimita kinatosha. Halafu ligandishe kwenye kipande cha mbao kwa gundi, ili mkono upate pa kushika.

Rangi ni ya vitambaa, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa. Usichovye muhuri kwenye rangi! Pakaza rangi juu ya sponji iliyo kwenye sahani, halafu bonyeza muhuri kwenye sponji, kama muhuri wa ofisini. Chini ya kitambaa tandika blanketi kuukuu. Meza ngumu hutoa chapa yenye mabaka, meza yenye blanketi hutoa chapa iliyojaa.

Nikae kidogo kwenye pindo, maana hapa ndipo penye elimu. Tuseme pambo lako ni korosho, lile tone lenye ncha iliyopinda mnalolijua tangu utotoni. Unaanza wapi? Wengi huanza kona ya kushoto wakaenda mbio mpaka kona ya kulia, na wakifika wanakuta wamebakiwa na nusu ya nafasi. Anza na kona zote nne. Halafu piga katikati ya kila upande, ile ya nane na ile ya sita niliyoitaja. Halafu jaza mapengo. Mkono ukiteleza, kosa litagawanyika katika sehemu nane ndogo na hakuna jicho litakaloliona.

Kona nayo ina shauri lake. Korosho ina mbele na nyuma. Ikifika kona inageukia wapi? Njia nyepesi ni kukata muhuri wa pili kwa ajili ya kona peke yake, pambo lisilo na mbele wala nyuma, nyota ya ncha nne au ua la petali nne. Linasimama pale kama mlinzi na ugomvi unakwisha.

Baada ya hapo mna uamuzi. Je, korosho zifuatane zote upande mmoja kuzunguka kitambaa, au ziangaliane pale katikati? Zikifuatana, muhuri mmoja unatosha. Unauzungusha robo kila ukikata kona. Zikiangaliana, muhuri mmoja hautoshi. Jaribuni wenyewe baadaye: mzungushe muhuri wa korosho utakavyo, hautakupa korosho iliyopinda upande wa pili. Lazima ukate soli nyingine. Mkono unaweza kuzungusha, lakini hauwezi kugeuza kama kioo. Akina mama, hebu tazameni leso mlizojifunga hivi sasa. Naam. Mama wa leso ya buluu, zako zinaangaliana. Mchoraji wa leso hiyo alifanya kazi mara mbili, na sasa mnajua.

Simu, kwa upande wake, inageuza kama kioo kwa kubonyeza mara moja. Mtoto aliyekwisha kukatiwa soli mbili kwa kazi hiyo anaielewa ile alama ya pembetatu mbili zinazotazamana kwenye programu ya kuchora. Asiyekatiwa anaibonyeza tu ashangae. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kutanguliza wembe na kuchelewesha simu.

Jina. Mji wetu ukiondoa pindo umebaki 39 kwa 27. Herufi za sentimita 2 pamoja na nafasi yake zinaingia 19. Kwa kuwa ni kitambaa cha sinia ya wageni, mimi nimetunga hivi: WAGENI WETU BARAKA. Herufi na nafasi zake ni 18, sentimita 36, inabaki sentimita moja na nusu kila mwisho. Katikati inaangukia kati ya E na T ya WETU. Anzeni hapo, mmoja akienda kulia na mwingine kushoto. Watakaogombana wapeane zamu.

Wengi huogopa herufi kwa sababu ya kugeuza. Lakini hesabuni. Jina hilo linatumia herufi 11 tofauti. A, I, T, U na W zikigeuzwa kushoto kulia zinabaki zilivyo, hazina kazi. E, B na K, hata ukizikata bila kugeuza, ukipindua muhuri juu chini zinatoka sawasawa, mradi B iwe na matumbo mawili yanayolingana. Zinazobaki na ukaidi ni G, N na R. Tatu tu! Hizo zifanyieni ule ujanja wa karatasi na kijiko.

Nimeulizwa na dada pale nyuma kama rangi haitoki. Dada yangu, iache ikauke mpaka siku ya pili, halafu ipige pasi kwa upande wa nyuma dakika kadhaa, pasi ya moto bila mvuke. Joto ndilo linaloifunga rangi kwenye uzi. Fua kwa maji baridi, usiloweke. Na yule kijana anauliza kama anaweza kunakili leso ya dukani. Nakili ili ujifunze, jicho linajifunza kwa kunakili. Ukitaka kuuza, uza ya kwako.

Haya, simu sasa. Piga chapa safi moja ya kila muhuri kwenye karatasi nyeupe. Ipige picha karibu na dirisha, asubuhi, bila mwanga wa simu, na simu iwe sambamba na karatasi. Ikiinama kidogo tu, mraba wako unakuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na pindo halitafungana. Ongeza utofauti wa weupe na weusi mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa. Mwenye kompyuta atumie programu ya kuchora iitwayo Inkscape, ni ya bure na ikishapakuliwa haidai intaneti. Ina amri ya kufuatisha picha na kuigeuza mistari, na mistari hiyo unaweza kuikuza mpaka saizi ya leso kamili bila kingo kuchakaa. Picha ya kawaida haivumilii hivyo. Mkitaka kuchapisha karatasi ya A4 kwenye saiba kwa nukta 300 kwa inchi, tayarisheni picha ya pikseli 2480 kwa 3508. Na mkiituma kwa WhatsApp itumeni kama faili, si kama picha, kwa sababu picha hubanwa njiani.

Kwa ajili ya mji wenyewe kuna ujanja mmoja ninaoupenda kuliko yote, na hauhitaji umeme. Hebu tazameni mikono yangu. Hii ni karatasi mraba. Nachora ua katikati, na siruhusu wino uguse ukingo. Nakata wima katikati ya ua, ndiyo, nalikata. Nabadilisha, cha kushoto kinakwenda kulia, nabandika selotepu kwa nyuma. Sasa nakata mlalo, cha juu kinashuka chini, nabandika. Mnaona? Ua limekimbilia kwenye pembe nne na katikati pamebaki patupu. Najaza pale patupu kwa korosho mbili. Basi. Karatasi hii ukiipiga picha, ukaipanga moja kando ya nyingine kwenye simu, kulia, kushoto, juu, chini, kila robo ya ua inakutana na robo zenzake na maungio hayaonekani. Kitambaa kizima kimetoka kwenye kiganja kimoja. Karatasi ya kufungia zawadi ya Idd, jalada la daftari la madrasa, bango la duka la shangazi, vyote vinatoka hapo.

Gharama? Marikani kidogo, chupa mbili za rangi, gundi. Kandambili mnazo.

Meza nne zimetandikwa blanketi kule nyuma. Nyembe zitabaki kwa watu wazima, nitazihesabu zikitoka na zikirudi. Watoto wachukue penseli na karatasi wachore pambo la kona kwanza, sentimita 3 kwa 3, lisilo na mbele wala nyuma. Atakayemaliza aniletee nilizungushe mara nne mbele yake. Likibadilika, anarudi kuchora.