Mdogo Wangu wa Kadutu Anatafuta Seminari

Jambo Bukavu! Jambo Goma! Watu wa Kadutu, Bagira, Panzi, mumeamkaje? Kwenu kumekucha, huku Grand Rapids, Marekani, ni usiku wa manane. Ndiyo nimetoka kazini, niko ndani ya gari, theluji imefunika kioo chote. Injini inapata moto polepole, basi tuongee.

Kuna kijana mmoja wa Kadutu amenitumia sauti ya dakika 6 kwa WhatsApp. Anasema Mungu amemwita, anataka kusoma theolojia. Swali lake ni moja tu: "Yaya, mkubwa wangu, huko Marekani ni seminari gani inatoa ufadhili?"

Mdogo wangu, nakupenda, lakini umeanzia mkiani. Mimi nakuuliza: ukimaliza, nani atakupokea? Kwetu mchungaji hajiwekei mikono ya uchungaji mwenyewe. Ndani ya ECC, muungano wa makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo, kila mtu ana jumuiya yake, yaani dhehebu lake, uwe wa 3e CBCA, 5e CELPA, 8e CEPAC au nyingine. Jumuiya ndiyo inakupa kazi, na ndiyo inajua diploma ya shule gani inaiheshimu. Nenda kwa mchungaji wako, umuulize: watu wetu tunawatuma kusoma wapi? Mtaniandikia barua? Na wewe dada unayenisikiliza, ongeza lako: je, wanawake mnawawekea mikono, au nitasoma miaka 5 nirudi kupika chai ya semina? Uliza sasa, bila haya.

Ndugu zangu Wakatoliki, ninyi mnaweza kucheka. Askofu akisema seminari ya Murhesa, ni Murhesa.

Mimi sikuuliza mtu. Kabla ya kuja huku nilijiandikisha kwa "seminari" moja ya intaneti. Dola 400, pesa ya mama yangu ya kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Miezi 8 sikuona sura ya mwalimu hata mmoja. Kazi zote nilizoandika zilirudi na alama ileile, hata ile niliyotuma nusu kwa makosa. Kisha diploma ikafika, ina muhuri wa dhahabu, inang'aa kushinda ya chuo kikuu! Mzee wa kanisa akaigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Shule hii iko mtaa gani?" Nikakosa jibu. Mama alikuwa amekaa pembeni, hakusema kitu. Hiyo ndiyo iliniuma.

Kwa hiyo anza na shule unayoweza kuifikia kwa miguu yako. Hapo Bukavu kuna chuo kikuu cha UEA, kina kitivo cha theolojia. Goma kuna chuo kikuu cha ULPGL, tangu 1985. Shalom ya Bunia ilianza 1961 ikiwa shule ya theolojia tu, ikawa chuo kikuu 2007. Wamethodisti wa Lubumbashi wanajua njia ya chuo chao cha Mulungwishi. Na FATEB, shule ya theolojia ya Bangui, ilifunguliwa 1977 kwa ajili yetu sisi Waafrika wa Kifaransa.

Usiende siku ya sherehe. Nenda Jumanne, mvua ikinyesha. Omba kuingia maktaba, uone kama vitabu vina vumbi au vina alama za vidole. Uliza walimu wangapi wanaishi mjini, na wangapi wanashuka na sanduku Jumatatu, wanamaliza kozi nzima Jumamosi, wanaacha silabasi, yaani maandishi ya kozi, za kuuza. Uliza waliomaliza wako wapi leo. Na karatasi za kibali cha shule kutoka wizara ya elimu ya juu Kinshasa, omba kuziona kwa macho.

Ukishikilia Marekani, sawa, sikukatazi. Angalia kama shule inatambuliwa na ATS, chama kinachopima ubora wa shule za theolojia huku. Shahada ya uchungaji, wanaiita MDiv, kwa kawaida ni miaka 3. Lakini shule haikupi I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza: ada, nyumba, chakula, bima. Wengi wanasikia "ufadhili" wanacheza, kumbe ufadhili huo unalipa ada peke yake. Halafu dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni, halafu pesa ya viza, na ubalozi uko Kinshasa. Safari ya Kinshasa ilivyo siku hizi mnaijua kuliko mimi.

Halafu lugha. Hii hakuna aliyeniambia. Hapa nilichukua kozi moja ya kuhubiri. Profesa alinipa dakika 20. Kadutu dakika 20 ni salamu na kwaya ya kwanza! Nikajifunza, nikapata alama nzuri. Jumapili moja kanisa letu la Wakongomani hapa likaniita nihubiri kwa Kiswahili. Nikasimama na kurasa 5 za Kiingereza, na kila neno nililosomea halikuwa na mwenzake kinywani. Mama mmoja wa Uvira akaanzisha wimbo ili kunisitiri. Tangu siku hiyo kila somo naliandika tena kwa Kiswahili, usiku, hata kama nimechoka. Wewe utakayesoma kwa Kifaransa, usifikiri umepona: Kigiriki cha Biblia utakipitisha kwa Kifaransa, halafu mahubiri uyatoe kwa Kiswahili au Mashi.

Haya, kioo kimeanza kuonekana. Mdogo wangu, Jumapili baada ya ibada usikimbie, mngoje mchungaji pale mlangoni. Akikujibu, nitumie sauti nyingine. Ila isiwe ya dakika 6, data ni ghali.