Bolti ya Kiti cha Basi
(Mhadhara kwa wanafunzi wa uhandisi, Dodoma)

Wanangu, habari za mchana. Naomba bolti hii ipite mkono kwa mkono, muitazame vizuri. Haijakatika wala kupinda, na nati yake bado imekaza. Kilichochanika ni bati la sakafu lililoishikilia.

Nilikuwa mwanafunzi kama ninyi, natoka Morogoro kwa basi. Tulipopita Gairo, basi likaparamia lori bovu lililoachwa barabarani bila alama. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa amefunga mkanda. Akarushwa pamoja na mkanda wake na kiti chake. Dodoma hakufika.

Tangu siku ile nauliza jambo moja tu: mwili wa abiria unasimamaje?

Kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi. Gari limesimama, wewe bado unakwenda. Ukisimama taratibu ndani ya nusu mita, mwili wa kilo 60 unauvuta mkanda kwa uzito wa kama tani 1.2. Ukisimama ndani ya sentimita 5, paji la uso likiwa kwenye dashibodi, zidisha mara 10. Kazi yetu yote ni kumtafutia abiria sentimita.

Nils Bohlin, aliyebuni viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege kabla hajaajiriwa na Volvo, alilijua hilo. Mkanda wake wa pointi tatu wa mwaka 1959 hupeleka nguvu kwenye nyonga na kifua, si tumboni, na Volvo waliwaachia watengenezaji wengine wautumie. (Dada zangu wajawazito, ule wa chini upite chini ya tumbo, tafadhali.)

Lakini tani hizo lazima ziishie mahali. Zinashuka kwenye miguu ya kiti, zinafika kwenye bolti, kisha sakafuni. Bodi ikiundwa gereji juu ya chasisi, maisha ya abiria yamo mikononi mwa fundi anayetoboa tundu lile. Nimeshinda nao sana mafundi hao. Ukimwonyesha bati lililochanika, anaelewa papo hapo. Mwenyewe anakwenda kutafuta chuma kinene cha kuchomelea chini, kwenye mhimili.

Viti wanavyofunga mafundi hao tunavijaribu kwa kuvivuta kwa winchi. Cha kwanza kilitoka na bati lake. Cha juzi miguu ilipinda polepole, bolti zikabaki palepale. Kupinda kule ndiko tunakokutaka: ndizo sentimita za abiria.