Kulala Ziwa Ellis: mazungumzo na wavuvi wa mshipi, Tanga

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mmeniita niseme habari za kupiga kambi Mlima Kenya, kwenye maziwa ya Ellis na Rutundu, na nawaona wengine mishipi mmeshaiandaa. Samaki tutamfikia. Kwanza usiku.

Maziwa yote mawili yako juu ya mita 3,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu. Hapa kwetu usiku ukiwa na nyuzi 24 tunalalamikia fukuto. Toeni 20 hapo, mjue mtalala na nini. Anga likiwa wazi, asubuhi mnakuta nyasi zimeganda.

Na baridi inayokesha watu ni ya chini. Mtu anajifunika mablanketi matatu, mgongoni ana mkeka. Hata begi la kulalia, ule upande unaoulalia hubanwa ukakosa hewa, na hewa ile ndiyo kinga. Kwa hiyo blanketi moja lipungue, mchukue kigodoro cha sponji. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata meno yakigongana: mkaa hutoa gesi isiyo na harufu, watu wanalala wasiamke.

Kupika, chukueni jiko dogo la gesi, ila mtungi mlale nao ndani ya begi. Gesi ya butani ikifika nyuzi sifuri haitoki. Utawasha kiberiti mpaka kiishe, chai hupati. Maharage yaacheni nyumbani. Juu kule maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, utachochea mpaka jioni na bado yanagonga jino. Tambi zinatosha.

Sasa, Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Mlimani ukija leo ukapanda leo hadi ziwani, utaondoka leo kweli, tena umebebwa. Laleni usiku mmoja au miwili chini kidogo, mwili uzoee hewa nyepesi. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikazidi, shukeni. Ubishi wa kiume hautibu.

Haya, trauti. Si samaki wa asili wa Afrika Mashariki, aliletwa enzi za Waingereza, na anakaa kule kwa sababu anataka maji baridi yenye oksijeni nyingi. Mazoea ya mkondo wa bahari hayatawafaa. Ukirusha chubwi zito, ziwa lile limetulia, ameshakimbia. Chambo chake ni mdudu wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo, na unamrusha taratibu atue juu ya maji kama amedondoka mwenyewe. Inama pia, maana anakuona ukisimama ukingoni. Mimi naona ni uvuvi wa kutaka subira kuliko wa changu, ingawa wavuvi wazee wa Deep Sea, hapa hapa Tanga, watanibishia.

Kibali cha kuvua ulizieni langoni kabla hamjapanda. Nani ana swali?